Anakariri kitabu kizima, lakini hajui kusoma

Shikamoo Mwalimu,

Nakuandikia kutoka Mbagala Rangi Tatu, mwishoni mwa mwaka huu wa 2021. Naomba barua yangu usiipite, maana nimeshazungumza na watu wengi mtaani na kila mmoja ananipa lake.

Nina watoto wawili. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka tisa, yuko darasa la tatu katika shule ya msingi ya serikali hapa hapa Mbagala. Korona ilipoingia mwaka jana, 2020, alikuwa darasa la pili. Shule zikafungwa, tukaambiwa watoto wafuatilie vipindi vya masomo kwenye redio na televisheni. Mimi nauza chapati na supu stendi, natoka nyumbani saa kumi alfajiri. Baba yao alikuwa anafanya kazi hotelini mjini. Wageni walipoacha kuja watu wakapunguzwa, naye akawemo. Simu kubwa ilikuwa moja tu, anaondoka nayo yeye kwenda kutafuta kibarua. Televisheni ipo, ila luku ikiisha ndiyo imeisha. Basi mtoto akabaki na bibi yake, mama mkwe wangu, akacheza mpira mpaka shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni. Watoto wa jirani wanaosoma shule ya kulipia walikuwa wanatumiwa kazi kwa WhatsApp kila siku, mama yao anazipeleka steshenari kuzichapisha. Nilikuwa naona, roho inaniuma, na sina la kufanya.

Alimalizia darasa la pili, akavuka la tatu. Daftari zake safi, mwandiko mzuri. Ukimwambia asome anachukua kitabu anatiririka tu. Nikafurahi. Mwezi wa tisa bibi yake alitoka hospitali na dawa za sukari. Bibi anajua kusoma, alijifunza enzi za kisomo cha watu wazima, lakini siku hizi macho hayaoni maandishi madogo. Akampa mjukuu bahasha ya dawa amsomee anywe ngapi. Mtoto akaishika, akakaa kimya. Jioni nikachukua kitabu chake cha Kiswahili, nikafunika picha kwa kiganja, nikamwonyesha mstari wa katikati. Hakuweza. Nikageuza ukurasa mwingine, hakuweza. Mwalimu, mwanangu amekariri kitabu kizima! Akiiona picha anajua ukurasa huo unasema nini. Na kule daftarini ananakili ubao, anachora tu herufi bila kujua alichoandika.

Ripoti yake ya muhula wa kwanza inasema wa 118 kati ya 137, na chini imeandikwa "aongeze bidii". Ndiyo, darasani wako 137, wanaingia zamu ya mchana. Nilimkuta mwalimu wake getini, akaniambia, "Mama, wako wengi wa namna hiyo," mara akaitwa, akaondoka.

Baba yake alipojua alimchapa. Sasa ikifika saa tano asubuhi, muda wa kujiandaa na shule, mtoto analalamika tumbo. Baba siku hizi anaendesha bajaji ya mkataba, kila jioni apeleke hesabu kwa tajiri, na ameshikilia tukope kwenye kikoba changu tumhamishie English Medium. Ada ni laki nane kwa mwaka, gari la shule halimo. Siku nyingine anageuka, anasema tusubiri, madarasa yanajengwa nchi nzima kwa fedha za UVIKO, yaani za kukabiliana na korona, msongamano utaisha. Dada yangu anasema nimwombee arudie darasa la tatu, kwa sababu mwakani la nne kuna mtihani wa taifa. Na mtaani kuna twisheni ya asubuhi, shilingi mia tano kwa siku, watoto kama arobaini chini ya mwembe.

Halafu kuna bibi mwenyewe. Ana sukari na presha, analala chumba kimoja na huyo mjukuu anayetoka kwenye darasa la watu 137, na barakoa zenyewe wanabadilishana njiani. Nimemwomba akachanje, amesikia maneno ya watu, hataki. Hata mtaani kwetu ulizuka uvumi kwamba watoto watachanjwa shuleni kimyakimya, wazazi wengine wakawazuia wasiende.

Ustadhi wa madrasa anamsifu sana mwanangu, anasema anahifadhi haraka kuliko wenzake na herufi zote anazijua. Sasa mtoto huyu ni mzito wa kuelewa au siyo? Nifanye nini, na nianze na lipi?

Mama Wawili, Mbagala

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na hilo la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Mwanao si mzito hata kidogo. Mtoto aliyeshika kitabu kizima kichwani kwa kuwasikiliza wenzake, na akajua ukurasa upi una maneno yapi, amefanya kazi ngumu kuliko kusoma kwenyewe. Ananakili ubao bila kukosea, kwa hiyo macho yake yanaona vizuri. Anahifadhi madrasa, kwa hiyo masikio yanasikia na kichwa kinafanya kazi. Tena umesema herufi za kule anazijua zote, maana yake kutambua alama na sauti yake ni jambo analoliweza, akipata mtu wa kukaa naye. Huko madrasa bila shaka kuna mtu anayemsikiliza yeye peke yake, mstari kwa mstari. Shuleni, katika watoto 137 wanaoitikia kwa pamoja, nani atagundua mdomo mmoja unaofuata tu sauti za wenzake?

Nilifundisha darasa la kwanza na la pili wilaya ya Temeke mpaka nilipostaafu. Watoto wa namna hii ndio walionitia wasiwasi kuliko watukutu. Mtukutu utamwona. Huyu daftari lake safi, hasumbui, anavuka mwaka hadi mwaka.

Sasa tuangalie alipoachwa. Waziri Mkuu alitangaza kufungwa kwa shule tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini, na shule za msingi zikafunguliwa 29 Juni. Ni kama wiki kumi na tano. Kwa mtoto wa darasa la sita ni hasara, lakini kitabu anakisoma mwenyewe. Kwa mtoto wa darasa la pili ni jambo jingine kabisa. Tangu mtaala ulipobadilishwa mwaka 2015, kazi kubwa ya darasa la kwanza na la pili ni KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwezi wa tatu wa darasa la pili wengi wanakuwa wamezoea silabi nyepesi, ba na ka na li, wanazoezwa zile zinazowasumbua: mba, ndo, ng'a, nyu, kwe, mwi. Hapo ndipo mlango ulipofungwa. Aliporudi alikuwa amesahau hata kile kidogo alichokuwa nacho, na mwalimu alikuwa na mada za mwaka za kumaliza kwa miezi iliyobaki. Akavushwa darasa la tatu, ambako Sayansi, Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili, yote yanachukulia kwamba mtoto anasoma. Hakuna kipindi hata kimoja cha darasa la tatu kinachorudi kwenye silabi.

Ukiliona hilo, utaona kwa nini sikubaliani na njia yoyote kati ya zile tatu mlizonazo.

Kurudia darasa la tatu ni kumrudisha mahali ambapo anachokihitaji hakifundishwi. Atakaa mwaka mwingine ananakili, atakuwa mkubwa kuliko wenzake, na aibu itaongezeka. Dada yako anamtakia mema, ila hofu ya mtihani wa darasa la nne haiondoki kwa kurudia la tatu. Inatokana na kutojua kusoma swali.

Kuhusu English Medium, naomba umsomee mumeo sehemu hii kwa utaratibu. Sisemi shule za kulipia ni mbaya. Lakini mtoto ambaye hajaweza kusoma lugha anayoiongea tangu azaliwe, mkimpeleka leo akasome Sayansi na Hisabati kwa lugha asiyoijua, mtakuwa mmemwongezea mzigo juu ya mzigo. Watampa usaili na, kwa hali aliyo nayo, watamshusha madarasa. Isitoshe ni laki nane za kukopa kikobani, na bajaji si yenu. Tajiri akiichukua, marejesho yatatoka kwenye chapati zako. Akishajua kusoma vizuri Kiswahili, mjadala huo mnaweza kuufungua upya kwa utulivu.

Ama kusubiri madarasa mapya, nafurahi kwa moyo wote kwamba yanajengwa. Kati ya shilingi trilioni 1.3 za mpango huo wa UVIKO, kuna madarasa 15,000. Ila 12,000 ni ya sekondari, kwa ajili ya watakaoingia kidato cha kwanza Januari 2022, na 3,000 ni ya shule shikizi, zile za watoto wanaoishi mbali na shule mama. Shule ya msingi ya mjini kama yenu siyo hasa iliyolengwa. Kiwango kilichowekwa na Serikali yenyewe ni wanafunzi 45 kwa darasa. 137 ni madarasa matatu yaliyosukumwa ndani ya chumba kimoja. Hilo linaniuma, na wazazi lisemeni bila woga kwenye mkutano wa kamati ya shule na kwa Afisa Elimu Kata. Lakini mtoto wako hawezi kungoja saruji ikauke.

Mtu wa kumfundisha mnaye ndani ya nyumba, naye ni bibi. Mwanamke aliyejifunza kusoma kwenye kisomo, akiwa mtu mzima, baada ya kazi za siku nzima, anajua silabi zinavyofundishwa na anajua uchungu wa kutokujua. Macho yake hayaoni maandishi madogo? Andikeni makubwa. Mtoto anaingia zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi yote ni yake. Dakika ishirini, akishapata chai, kabla jua halijawa kali. Zisizidi thelathini, na mwache akiwa bado anataka kuendelea.

Kitabu anachokijua kifichwe kabatini kwa sasa. Kila akikiona ataimba. Chukua boksi la katoni pale stendi, ulikate vipande, kila kipande silabi moja iliyoandikwa kwa kalamu nene na kwa herufi ndogo, yaani a na si A, ila kwa ukubwa ambao bibi anauona. Siku ya kwanza bibi ampime tu: a, e, i, o, u, kisha silabi nyepesi, zikiwa zimechanganywa. Nasisitiza kuchanganya. Ukimpa ba be bi bo bu kwa mpangilio ataikariri kabla hujamaliza kunyanyua kipande cha pili. Mpe bo, halafu li, halafu ku, halafu sa. Anazozijua ziwekwe upande mmoja, asizozijua upande mwingine, na hizo za pili zisizidi nne au tano kwa siku.

Kisha unganisheni vipande viwili: ka na ka, sa na ma, li na ma. Halafu, na hii ndiyo dawa ya mtoto anayekariri, unganisheni maneno yasiyo na maana kabisa. Boku. Lifo. Nupi. Neno ambalo halijawahi kusemwa na mtu hawezi kuwa amelikariri, wala hakuna picha ya kumsaidia, hivyo analazimika kusoma. Watoto wanayapenda sana, wanacheka, na wakati wanacheka wanasoma. Yakishakuwa mepesi, ingieni kwenye mba, nda, nja, cha, sha, nya, mwa, kwa, kwa utaratibu ule ule. Usikimbilie huko mapema; hapo ndipo alipoachwa mwanzo.

Baada ya hapo nyumba nzima inakuwa kitabu. Khanga za bibi zina maneno, pakiti ya unga ina maneno, hata ujumbe wa kikoba kwenye simu yako. Khanga zinaandikwa kwa herufi kubwa, kwa hiyo bibi amfundishe kwamba A hii na a ile ni sauti moja. Kiswahili kinasomwa kama kinavyotamkwa, na kwa kumbukumbu aliyonayo mwanao, akikaa na bibi yake kila asubuhi bila kuruka, nategemea kabla ya likizo ya Juni mwakani awe anasoma aya fupi ambayo hajawahi kuiona.

Na baba? Baba ana nafasi yake, na ningependa aipate. Ninahisi alichapa kwa sababu aliogopa. Mwanaume aliyepoteza kazi kwa janga hili, anayelala akiwaza hesabu ya tajiri, akasikia mtoto wake wa kwanza hajui kusoma, alihisi korona imemfuata mpaka ndani. Zungumza naye usiku, mtoto akiwa hayupo, umweleze kwamba lile tumbo la saa tano ni la kweli, linauma kwa hofu, na kuanzia sasa kwenye jambo la kusoma fimbo isitumike kabisa. Kisha mpe kazi. Jumapili moja moja ampakie kwenye bajaji, wapite Barabara ya Kilwa wasome vibao na mabango: Kizuiani, Mtongani, Tandika. Zakhiem waiache kwanza. Mtoto akimsomea baba yake kibao kimoja tu kwa usahihi, wote wawili watapona kitu.

Twisheni ya chini ya mwembe, nenda siku moja ukatazame kabla ya kutoa mia tano. Kama wananakili mada za darasa la tatu, hiyo ni shule ile ile ya mchana. Kama kuna anayewagawa makundi na kuwasikiliza mmoja mmoja, huyo anastahili fedha yako. Bibi akichoka au akiugua, tafuta kijana wa mtaani aliyemaliza kidato cha nne mwenye subira, umpe chapati na kitu kidogo, afuate utaratibu huu.

Usimkasirikie mwalimu wake. Alipokwambia wako wengi alikwambia ukweli ambao yeye mwenyewe hana pa kuupeleka. Utumie. Kama wako wengi, wazazi wao nao ni wengi. Watano tu mkienda pamoja kwa mwalimu mkuu, mkaomba watoto wa darasa la tatu wasiojua kusoma wakutanishwe asubuhi kwa saa moja, mkajitolea kuwasimamia kwa zamu, ni ombi gumu kukataliwa. Halihitaji jengo wala fedha.

Sasa bibi na chanjo, kwa sababu mpango wote huu unamtegemea. Tangu Rais Samia alipozindua chanjo ya korona 28 Julai mwaka huu wa 2021, waliotangulizwa ni watumishi wa afya, wenye zaidi ya miaka 50 na wenye maradhi ya muda mrefu kama sukari na presha. Bibi amo mara mbili. Ni bure. Ile ya kwanza kuletwa, Johnson & Johnson, anachomwa mara moja tu. Huenda mkono ukamuuma au akapata homa siku moja mbili. Haimaanishi hataambukizwa kamwe, bali inapunguza sana uwezekano wa kuugua vibaya, na kwa mwenye sukari huo ndio uhai. Usibishane naye kwa maneno ya mtaani. Siku yake ya kliniki mfuate, umwombe daktari anayemtibu aongee naye uso kwa uso; wazee wengi wanamsikiliza yule anayewapa dawa zao. Na wale majirani uwaambie kwamba kwa mwaka huu wa 2021 chanjo hii inatolewa kwa wenye miaka 18 na kuendelea. Hakuna mtoto wa shule ya msingi anayechomwa. Kuwazuia watoto wasiende shule kwa uvumi, baada ya kupoteza wiki zote zile za mwaka jana, ni kuwadhulumu.

Mtoto akirudi jioni anawe mikono kwa sabuni na avue sare kabla ya kwenda kwa bibi yake. Chumba dirisha liwe wazi, na kama kuna namna ya kumhamishia sebuleni kwenye godoro, mhamishe, hasa akiwa na kikohozi. Masomo ya asubuhi yafanyike barazani. Barakoa mshonee mbili za kitambaa na jina lake aliandike mwenyewe kwa wino usiofutika.

Umeniuliza uanze na lipi. Wiki hii anza na vipande vya boksi, na wiki hii hii uende shuleni. Usimvizie mwalimu getini. Omba nafasi wakati wa mapumziko, uende na daftari na kile kitabu, umwonyeshe ulichokigundua. Omba mambo mawili tu: mtoto akae mstari wa mbele, na uazimwe kitabu cha kusoma cha darasa la kwanza. Fanya hivyo kabla shule hazijafungwa Desemba, maana Januari huenda mwalimu huyo akapangiwa darasa jingine, na utakayemkuta atakuwa anaanza kujifunza majina.